Haraka Iliyo Juu ya Mtu

Ilianza Alhamisi, saa tisa kamili mchana, katika somo la kushona. Sista wetu, mzaliwa wa Irlande, alikuwa akituhimiza tumalize kabla ya kengele, mara likamponyoka neno la kwao: *deifir*. Tukataka maana. Akaandika ubaoni: *Tá deifir orm.* Kwao hawasemi mtu ana haraka, alisema. Haraka iko juu yake, kama njaa, kama huzuni.

"Iko juu yako sasa, Sista?" mwenzangu akauliza. "Inama basi, tukutue mzigo!"

Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Dada yangu alikuwa amejifungua siku nne zilizopita, na kwetu mjini Baraka, mtu anayetoka njiani mbiombio haingii kwa mzazi. Anakaa kwanza nje ya mlango, ananawa miguu, anangoja pumzi itulie.

Nilijua hayo yote. Lakini mchana ule mvua ilitoka ziwani ikanikimbiza tangu shuleni misioni, nikaingia moja kwa moja, nikambeba mtoto nikiwa bado natweta.

Nilipomrudisha kwa dada, mtoto alikataa titi. Kifua chake kilipanda na kushuka upesi, kama yeye ndiye aliyekimbia. Macho yake yalitazama juu ya bega langu, yakifuata kitu kinachosogea polepole. Niligeuka. Ukuta tu.

Jioni alikuwa bado hajanyonya. Koko, mama wa baba yangu, akatukusanya.

"Nani aliingia hapa mbiombio?"

Akatutazama mmoja mmoja.

"Munaona haya? Mutoto akufe juu ya haya yenu?"

Shangazi akamtaja wifi ya dada, aliyeleta samaki kutoka Mboko mchana ule. "Ni yeye. Anatembeaka kama moto unamufuata."

Nikaacha asingiziwe.

Asubuhi, kabla ya misa, nilimkuta koko akimdondoshea mtoto maziwa ya dada kwa kidole. Yalitiririka shavuni.

"Koko, ni miye."

Hakunigombeza. "Toka inje, ukae. Kama ile haraka iko na we, ibakie kule."

Nilikaa mlangoni. Kengele ya shule ililia, sikuinuka. Mbuzi wa jirani walikatiza uani. Walipokaribia waligawanyika, wakanizunguka mimi pamoja na nafasi ya kutosha mtu mmoja kando yangu. Sikuitazama. Nilijisogeza kidogo tu.

Baadaye nikamsikia dada ndani, kwa sauti ndogo: "Ananyonya."

Koko akaniita. Sikuingia, isije ikanifuata ndani. Nilikaa pale pale mpaka saa sita.