Kambare Niliyempika Mlango Umefungwa

Siku ile naikumbuka kwa harufu yake kwanza, mwanangu, ndipo mengine hufuata. Kambare aliyepikwa vibaya hasahauliki. Ni tope, ni shombo, ni uchungu wa nyongo, vyote katika chungu kimoja, na ukichelewa kufungua mlango harufu inaingia mpaka kwenye blanketi. Mimi mlango nilikuwa nimeufunga kwa makusudi. Kosa langu liko hapo, na ndilo ninalotaka kukusimulia.

Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, nimesoma mpaka darasa la nne, na kichwani mwangu mumejaa garimoshi. Nilikuwa na hakika kwamba siku moja nitaendesha treni ya Kigoma, nipige honi nikipita Urambo, watu watoke majumbani waseme, "Huyo anapita!" Hata nikilima peke yangu nilipiga honi kwa mdomo. Usicheke. Au cheka tu, hata mimi nacheka.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Lori lilikuja likapakia jembe, chungu, mlango wa nyumba yetu, na mimi. Baba alikuwa amefariki zamani, mama mwaka uliotangulia, na dada zangu walikuwa wameolewa mbali. Wale niliokua nao wakapelekwa vijiji vingine. Nikapewa kiwanja cha mwisho kwenye mstari. Nyumba zilipangwa kama mabehewa, na yangu ikawa behewa la nyuma kabisa. Mwanzoni jambo hilo lilinifurahisha, mwota treni mimi. Baadaye nikatambua kwamba nyuma ya behewa la mwisho hakuna kitu, ni pori tu.

Miezi mitatu nilikaa pale bila mtu kubisha hodi mlangoni mwangu. Kwenye shamba la pamoja tuliimba na kutaniana, lakini jioni kila mtu aliingia kwake na watu wake. Moyo ukaanza kuota kutu. Nikajiambia, kama hawanitaki, nami siwataki. Jirani yangu alikuwa mjane mmoja, Bibi Nyamizi, naye kaletwa na lori kama mimi. Nilimpita nikitazama chini, nikisubiri yeye aanze. Ona ujinga huo, mwanangu: mtoto anamsubiri bibi amsalimie!

Jumapili moja ya kiangazi, karibu kijiji kizima kiliondoka kwenda kwenye mahame, yale makazi ya zamani tuliyoyaacha, kuchuma mapapai na kutazama makaburi. Kwetu kulikuwa mbali mno, basi nikaenda mtoni. Mto ulikuwa umekatika, yamebaki madimbwi. Wakati huo kambare hujizika topeni, nawe humtafuta kwa nyayo. Ukihisi kitu kinateleza chini ya unyayo, unainama taratibu. Nilimpata mmoja mrefu kama mkono wangu. Akanichoma kwa mwiba wa pezi, damu ikatoka, nami nikapiga honi kwa furaha.

Njiani furaha ikapoa. Nitamwonyesha nani? Hapo upweke ukaninong'oneza: hawakukubishia hodi, basi mle peke yako, mlango umefungwa.

Sasa kambare si samaki wa kupikwa kwa siri. Ute wake unataka majivu, maji mengi, na uwanja. Ukimsafisha nje, jirani anaona. Kwa hiyo nikamsafishia ndani, penye kiza, kwa maji ya kata moja. Majivu sikumpaka. Kisu kikapasua nyongo, nikaona kijani kikitapakaa, nikajifanya sikukiona. Nikamkatakata, nikamtumbukiza chunguni, nikaukaza mlango kwa gogo.

Chungu kikaanza kutoa povu zito kama uji. Ndipo nikaisikia ile sauti niliyoingojea miezi mitatu.

"Hodi hapa!"

Nikafunika chungu.

"Hodi, mwanangu. Ni mimi jirani yako, Nyamizi. Moto wangu umezimika, na wenye moto wote wamekwenda mahameni. Nimekuja na kigae, unipe kaa moja tu."

Siku hizo kiberiti kilikuwa adimu. Ukizimikiwa na moto ulichukua kigae, kipande cha chungu kilichovunjika, ukaenda kwa jirani kuomba kaa. Mtu aliweza kukunyima chumvi, hata salamu akakunyima. Moto, hapana. Hilo nililijua. Nilijua pia kwamba nikifungua ataona kambare.

"Hata wangu umezimika, bibi."

Akakohoa kidogo.

"Haya, mwanangu. Basi na huo moshi ulio juu ya paa lako, ukipata nafasi uukaribishe. Naona ni mgeni."

Pafukapo moshi pana moto, mtoto gani asiyejua? Nikachungulia kwenye ufa wa mlango. Alikuwa akirudi polepole, kigae kitupu amekishika kwa mikono miwili, kana kwamba kilikuwa na kitu cha kumwagika.

Yule kambare sikumla. Tonge la kwanza lilinikaza ulimi kwa uchungu, la pili likanirudi. Nikamwaga chungu kizima nyuma ya nyumba. Mbwa akaja, akanusa, akaenda zake. Jua lilipokuchwa baridi ya kiangazi ikashuka, na nyumba ya Bibi Nyamizi haikutoa moshi. Ningeweza kumpelekea kaa, ni hatua thelathini tu. Aibu ikanishika. Aibu nayo ni mlango, mwanangu, na mtu huufunga kutoka ndani.

Asubuhi nilimkuta ameketi juani, amejifunga shuka, anatafuna muhogo mbichi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kumbe una ulimi." Akaendelea kutafuna. "Alikuwa mtamu?"

"Nani, bibi?"

"Kambare. Masikio yangu yamechoka, lakini pua bado ni ya msichana."

"Alikuwa mchungu," nikasema, na machozi yakanitoka, mwanamume mzima.

"Atakosaje kuwa mchungu? Nyongo umepasua, majivu hukumpaka. Na yote hayo kwa kuogopa macho ya kikongwe mwenye meno manne!" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Sikia. Baba yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka pwani. Alituambia, kambini anayefika kwanza ndiye hukoka moto, na anayefika nyuma na mzigo mzito huchota kaa pale pale, haulizwi jina. Moto wa njiani hauna mwenyewe. Anayeuficha wake, kesho watu wanatembea mbali naye, na akianguka porini hakuna wa kugeuka nyuma."

"Nisamehe, bibi. Nimekulaza bila moto."

"Moto wangu haukuzimika wenyewe," akasema. "Niliumwagia maji."

Nikamtazama.

"Kila siku nakusikia unapiga honi peke yako, na ukinipita unatazama chini. Nikasema, nitambishiaje hodi huyu bila sababu? Nikatafuta sababu."

Mwanangu, fimbo za baba nilizionja, na za mwalimu pia. Hakuna iliyonifika mfupani kama hiyo. Nilichukua kigae chake mkononi mwake, nikakimbilia kwangu, nikamrudishia kimejaa makaa mekundu. Jioni, baada ya kazi ya shamba, nikaingia tena dimbwini mpaka nikapata kambare mwingine. Huyu nilimbeba katikati ya kijiji, wazi, akipigapiga mkia.

Bibi aliketi kwenye kigoda uani kwangu na kuniamrisha kama msimamizi wa stesheni. "Kata miiba ya mapezi kwanza, isije ikakuchoma tena. Sasa majivu. Paka! Sugua mpaka ute utoke mweupe. Suuza. Rudia. Nani kakwambia mara moja inatosha?" Alinionyesha jinsi ya kupasua tumbo kwa ncha ya kisu na kuitoa nyongo nzima, kama mtu anayetoa yai kwenye kiota. Tukampaka chumvi, tukambanika kidogo kwenye moshi nyama ikazane, kisha chunguni pamoja na nyanya, maji ya ukwaju na karanga zilizopondwa. Nikashika mwiko.

"Weka chini huo mwiko! Kambare hakorogwi, atavunjika. Shika chungu masikioni, utikise."

Harufu ikafuata mstari wa nyumba. Wa kwanza kubisha hodi alikuwa mama wa nyumba ya tatu, ameleta chumvi ambayo hakuna aliyemwomba. "Nimeona moshi," akasema, huku macho yako chunguni. Bibi akanigeukia: "Haya, mwenye nyumba ya mwisho, mkaribishe mgeni." Nikasema karibu. Lilikuwa neno dogo, na sikuwahi kulisema pale tangu lori liliponishusha.

Kabla ya mvua za kwanza mwana wa Bibi Nyamizi alikuja kumchukua mama yake, akaishi naye Bukene. Nilimbebea mzigo wake mpaka stesheni. Treni ilipiga honi, honi ya kweli, na kwa mara ya kwanza maishani sikuifurahia. Kupitia dirishani akanipa kile kigae. "Ukizimikiwa," akasema. Sikumwona tena.

Treni sikuiendesha. Nimelima tumbaku, nimezaa, nimezika. Wanangu wako Mwanza na Dar es Salaam, mke wangu yuko kaburini, na majirani wanapikia gesi, wanawasha kwa kidole. Hakuna anayezimikiwa siku hizi, kwa hiyo hakuna anayekuja kuomba. Nikipata kambare nampika uani, mlango wazi, natikisa chungu, nasikiliza. Mara nyingi ni upepo tu. Kigae kipo hapa, juu ya kabati.

Basi wewe uliyepanga chumba ugenini, unayekula huku umefunga mlango na kusema watu wa hapa hawana utu, nisikilize. Usingoje usalimiwe, mdogo ndiye huanza. Atakayekubishia hodi akiomba kitu kidogo, usikitazame kile kitu, mtazame yeye. Huenda ameuzima moto wake mwenyewe ili apate njia ya kukufikia. Na ukiona huna wa kukubishia, zima wako, shika kigae, nenda wewe. Kuomba si unyonge.

Nakuombea, mwanangu, usilale njaa, na usishibe peke yako. Nakuombea jirani mwenye pua kali na maneno makali zaidi. Mungu auhifadhi moto wako usizimike, na siku ukizimika, akupe mlango wa jirani ulio wazi. Nami ukipita huku Tabora, usitafute sababu. Bisha tu.