Ubavu-ubavu Juu ya Barafu

Mama Emerance hakujua kuketi. Akikaa nyumbani Alunguli saa moja tu, miguu inaanza kumuwasha. Basi anafunga kitambaa, anashuka mutoni, anavuka Lualaba kwa mutumbwi mpaka Kasuku, kwenye nyumba ya mwanawe Roger, mule vijana wanalipa kucheza michezo ya kupigana kwenye tele. Kila siku, mvua inyeshe, jua liwake. Ilikuwa hivyo tangu vita.

Siku ile Roger alimupokea na uso mukavu.

"Mama, jana mutumbwi ulitaka kupinduka na wewe ndani. Usivuke tena. Chakula nitakuletea kule."

"Ni wewe ulinizaa, ao njo mimi nilikuzaa?"

"Mama..."

"Lete manete za kuchezea!" Akanyoosha mikono yote miwili. "Ukinipiga mule ndani ya tele, nabakia Alunguli mpaka munizike. Nikikupiga, unafunga kinywa."

Hamadi, fundi pikipiki anayeshinda pale zaidi kuliko kwa kazi yake, akapiga makofi: "Kubali, Roger! Ao unaogopa bibi?"

Kwa ujanja, Roger akachagua kwenye tele uwanja wa barafu: ziwa lililoganda, upepo unavuma, pembeni maji meusi. Pale mupiganaji akikimbia anateleza, na akiingia majini amekwisha. Maishani mwake Emerance hakuwahi kuona barafu kubwa kupita ile ya muuza samaki. Akavua kandambili, vidole vikashika sakafu ya udongo.

"Mama anaenda kuoga?" Hamadi akacheka.

"Nyamaza, kichwa cha spana!"

Roger alikuja mbio, teke mbele. Emerance akamupeleka mupiganaji wake ubavu-ubavu, hatua fupifupi, namna wanawake wa Alunguli wanashuka ukingo wa udongo na beseni kichwani. Roger akapita patupu. Akarudi, akapita tena. Mara ya tatu hakuweza kusimama: akateleza mpaka pembeni, akazama.

Nyumba nzima ikapiga kelele na kucheka. Emerance peke yake hakucheka. Aliangalia mapovu juu ya yale maji meusi.

"Mutoe," alisema.

"Umeshinda, mama. Imekwisha."

"Mutoe mule ndani!"

Roger akaweka manete chini. Alikuwa mutoto wakati wa vita, lakini anakumbuka. Mwaka wa elfu mbili na mbili, vita imefunga muji, baba yake Idrissa alivuka kutafuta unga. Mutumbwi ulirudi bila yeye; walisema alizama. Mama, kwa woga wa risasi, alijifungia nyumbani siku nane, hakushuka hata kuangalia maji. Siku ya tisa alivuka, na mpaka leo hajaacha.

Roger akazima tele. Akaokota kandambili za mama, wakaenda pamoja mpaka mutoni. Mvua ya asubuhi ilikuwa imelowesha ukingo. Roger akatangulia, haraka, kifua mbele. Miguu ikamutoka, akakaa kitako ndani ya matope.

"Ubavu!" Emerance akamupigia kelele toka juu. "Nimekuonyesha nini sasa hivi? Ubavu, Roger!"

Akasimama, matope mpaka kiunoni. Akageuka ubavu, akamunyooshea mama mukono.

"Kesho unavuka saa ngapi?"

"Saa mbili. Na usichelewe kunipokea."