Kupe Waliokataa Kufa

Mwezi uliopita, mashine ya kuchimba msingi wa fleti kule Theta iligonga simiti ndani ya udongo mweusi. Vijana wa mjengo wakafukua, wakaona mtaro mrefu, mwembamba, wenye ngazi upande mmoja. Mimi nilikuwa napita na mzigo wangu wa nyasi. Mmoja akaniuliza, "Mathe, hapa matajiri walikuwa wanaogelea?" Nikamwambia ndiyo, matajiri wenye pembe. Walicheka mpaka wakaweka koleo chini. Mimi sikucheka sana. Lile lilikuwa josho letu la ng'ombe, na wewe rafiki unayesoma, kaa kidogo nikuambie lilivyomaliza ng'ombe za cucu yangu, mama ya baba. Niliishia darasa la nne, kwa hivyo nitaandika vile naongea.

Wakati huo, ukisimama Theta ukaangalia mashariki, hukuona ukuta hata mmoja. Ilikuwa nyasi, miiba na upepo. Wazee walikuwa wamechanga wakanunua ranchi moja kwa pamoja, na kanuni yao ilikuwa fupi: ardhi haigawanywi, ng'ombe za wote zinakula pamoja. Mwenye ng'ombe ana sauti. Cucu alikuwa mjane mwenye ng'ombe arobaini na moja, kwa hivyo sauti yake ilifika mpaka Ruiru. Kiangazi nyasi iligeuka rangi ya mkate, vumbi likaingia kwa uji, na sisi tukatembeza ng'ombe hadi bwawani kabla jua halijaanza kuuma. Mchana tulikula githeri baridi, mahindi na maharagwe, kwa mkebe, jioni ugali na maziwa lala. Cucu alikuwa na msemo wake, ng'ombe haijui Krismasi. Na kweli, Krismasi zangu zote za utotoni nilikuwa kwa kinyesi mpaka kwa kifundo cha mguu.

Alhamisi ilikuwa siku ya josho. Ng'ombe walisukumwa mmoja mmoja, wakaruka ndani ya maji ya dawa, chubwi, wakaibuka wakipiga chafya, wakapanda ngazi wakitiririka. Familia zote zilisimama kwenye ukuta wa josho zikichekana. Ya kwenu inaogelea kama mwalimu wa hesabu. Ya kwenu imekataa maji kama baba yenu. Harufu ya dawa ilikaa kwa nguo siku tatu, hata ufue. Siku hiyo ya tatu ndiyo ilikuwa ya kazi yangu mimi, kugeuza masikio ya ng'ombe kuangalia kupe, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vyembamba. Kupe aliyekufa hukauka. Ukimgusa tu, anaanguka kama punje ya mtama.

Mwaka ule hawakuanguka. Walikuwa wanene na walikuwa wanatembea. Nguo zetu nazo hazikunuka chochote. Nikamwambia cucu kwamba josho ni maji matupu, akanikaripia. Dawa ilinunuliwa na mwenyekiti wa ranchi, na mwenyekiti alikuwa mzee wa kanisa, yule anayepitisha kikapu cha sadaka. Mtoto hamsemi mtu kama huyo. Cucu akaamua kosa ni letu, hatuogeshi ng'ombe vya kutosha, akaanza kuzipeleka mara mbili kwa wiki. Majirani wakafanya vivyo hivyo. Kadiri kupe walivyozidi, ndivyo tulivyozidi kupeleka ng'ombe kwa maji yale, zikisimama bega kwa bega na ng'ombe wagonjwa wa wenzetu. Hilo ndilo kosa letu, na nalikubali. Tulimwamini mtu kwa sababu ya kikapu.

Tezi za chini ya sikio zikavimba kama viazi. Ng'ombe wakakohoa povu, wakalala, hawakuamka. Mvua iliponyesha tulikuwa tumebaki na sita. Cucu bado aliamka saa ileile, akashika ndoo, akasimama mlangoni pa boma kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Ndipo mwenyekiti akaita mkutano palepale joshoni, siku ya Alhamisi. Akasema Mungu amefunga mlango wa ng'ombe, amefungua mlango wa ploti. Tugawe ardhi, tuuze. Sorovea wa kupima ardhi alikuwa ameshakuja na kamba yake, na aliyeshika ncha ya pili ya kamba ni baba yangu mdogo, mtoto wa cucu mwenyewe. Cucu hakubishana. Alienda kwa ng'ombe wake mmoja aliyekuwa ametoka tu kupanda ngazi, bado anatiririka, akaingiza kidole sikioni. Akarudi, akaweka kitu juu ya karatasi za mwenyekiti.

"Mzee," akamwambia, "huyu ametoka kuoga sasa hivi. Mwambie afe."

Watu walicheka. Halafu wakasogea kuangalia, kwa sababu kupe alikuwa anavuka ile karatasi bila haraka. Mwenyekiti akampangusa, akafungua Biblia, akasema mama yetu ana uchungu, tumwombee. Wakaomba. Walipomaliza kuomba wakatia sahihi mmoja mmoja, maana mtu asiye na ng'ombe, mbuga ni ya nini? Cucu peke yake alisema aca. Alisema polepole, na cucu akikataa hivyo, hukumuuliza mara ya pili.

Miaka baadaye, mwenye kuendesha josho alipougua alimwita cucu akamwambia yote. Dawa ilikuwa inauzwa kwa mitungi kwa wenye mashamba ya maziwa upande wa Ruiru, kwa amri ya mwenyekiti. Kwa hivyo nasema wazi. Mwenyekiti ndiye alitumaliza. Mwendesha josho alimsaidia. Baba yangu mdogo alipata ploti mbili za kona kwa kushika kamba. Wengine huniambia nisahau. Nisahau vipi, na hapo ndipo shule yangu iliishia? Kila asubuhi mimi na cucu tuliwatoa kupe kwa vidole, sikio kwa sikio, tukiwatupa kwa mkebe wa mafuta ya taa. Katika wale sita hakufa hata mmoja. Uzao wao uko hapa nyuma ya nyumba yangu, kwa kipande ambacho cucu alikataa kuuza, katikati ya fleti mbili. Mabroka wa ploti wanakuja wakiniita mami na kunionyesha ramani. Nawapa chai, nawaonyesha geti.

Mbuga imeisha, hiyo najua. Lakini ninachokitamani zaidi ni ule ukuta wa Alhamisi, pale ulipoicheka ng'ombe ya jirani huku mkono wako ukiisukuma ipande. Leo watu mia moja wanapanda ngazi za fleti na hakuna anayemgusa mwenzake.

Mwenyekiti bado yuko hai. Anakaa benchi ya kwanza, shingo imekuwa nyembamba. Mimi kila Jumapili nakamua kwanza, halafu naenda kanisani na gamboti zangu, sizifuti, nakaa nyuma yake kabisa. Najua harufu inamfikia. Hajawahi kugeuka.