Njia Iliyokatwa kwa Kipimo cha Mama Mkwe

Fundi Tepu, mshonaji wa mtaani kwetu, hununua miche kwangu kama anavyonunua vitambaa: anaivuta, anainusa, kisha anadai ina kasoro. Siku hiyo hakubishana bei hata kidogo. Nikajua mtu ana shida.

"Dada, mama mkwe anakuja," akaniambia. "Aliapa hakanyagi kwangu mpaka tope la mlangoni liishe. Na mke wangu yuko karibu kujifungua, anamtaka mama yake tu. Natengeneza njia ya matofali yenye maua kando. Nipe miche iliyokwisha kukua, sina muda."

Ushauri nilimpa bure, maana mteja akiharibikiwa harudi. Mifupi mbele, mirefu nyuma. Mchaichai kandokando, nguo ikiugusa unanukia. Mawaridi yakae mbali na njia, miiba haijui mgeni.

Akatandika matofali vizuri. Mawaridi akayasogeza mbele kabisa pande zote mbili, eti pindo zuri halifichwi. Na upana wa njia akaupima kwa mama mkwe.

Huyo mama ana kipimo kimoja tu, alichopimwa alipokuwa bibi harusi. Kila akiagiza gauni husema, "Vipimo vyangu unavyo, mkwe wangu. Sijabadilika." Fundi hujibu, "Ndiyo, mama," kisha huongeza kitambaa ubavuni kimyakimya, na amani inatawala. Ameitikia hivyo miaka mingi mpaka akaamini. Basi mama alipopiga simu kusema, "Hiyo njia initoshe, vipimo vyangu unavyo," fundi akavuta tepu na kukata njia ya bibi harusi.

Nilikuwa pale nikishusha mbolea mama alipowasili. Aliingia njiani kwa madaha, begi kichwani. Katikati akasimama. Mawaridi yalikuwa yamemshika gauni kulia na kushoto, kama nguo iliyoanikwa.

"Mkwe!"

"Naam, mama."

"Maua yako yamenenepa."

Mke wa fundi, mkono tumboni, akaita kutoka mlangoni, "Mama, rudi nyuma kidogo."

"Nirudi? Nikirudi nyuma, narudi kwangu moja kwa moja!"

Fundi alitoka jasho. Kumvuta hawezi, huyo ni mkwewe. Kusema njia ni nyembamba ni kukitaja kiuno. Akanitazama.

"Kweli yamenenepa, mama. Ni huyu dada. Mbolea yake kali mno."

Nikafungua mdomo nimpe vidonge vyake. Nikamwona binti anavyomkodolea mama yake macho, machozi yakimlenga. Nikaona pia safu nzima ya mawaridi itakayong'olewa, na pengo litakalobaki.

"Kali sana," nikasema. "Wengi wamelalamika."

Fundi akakamata jembe, akaisogeza safu ile nyuma, mche baada ya mche, kama mtu anayeachia mshono. Mama akapita. Mgongoni alikuwa amebeba waridi zima na jani lake, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Mlangoni akamkumbatia binti yake, akamtazama tumbo, akaguna. "Wewe ndiye uliyenenepa." Kisha akamgeukia fundi. "Unaona nimepita? Sijabadilika."

"Ndiyo, mama."

Begi likaingizwa ndani. Fundi akanifuata uani anong'one kuhusu mchaichai wa kuziba pengo, mwingi. Nikamtajia bei. Hakubishana.