Mjomba Alipofariki kwenye Blogu Yangu

Habari za kifo cha mjomba wangu nilizipata kwenye blogu yangu mwenyewe.

Nilikuwa chumba cha walimu pale Nachingwea, nasahihisha madaftari ya jiografia, simu ikaanza kutetemeka mezani kama mdudu aliyeanguka chali. "Pole sana mwalimu." "Tumepokea kwa masikitiko." "Kazi ya Mungu haina makosa." Nikafungua nione nimefiwa na nani. Juu kabisa ya blogu palikuwa na chapisho jipya, kichwa chake herufi kubwa tupu: WASIFU WA MAREHEMU. Chini yake jina kamili la mjomba. Na pale panapokaa jina la mwandishi, jina langu.

Blogu yenyewe niliianzisha kwa ajili ya watu wetu walio mbali, wale wa Dar, wa Mtwara, wengine Songea, wanaotaka kujua kama huku Marambo mvua imenyesha, nani kaoa, na ufuta mwaka huu ukoje. Taabu yangu ilikuwa mtandao. Naandika habari ndefu kwenye kile kisanduku cha blogu, nabonyeza, duara linazunguka, linazunguka, halafu kila kitu kinapotea. Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ni fundi wa kompyuta Dar. Akanionea huruma, akaniwekea programu-jalizi, mwenyewe akiiita plagini. Kazi yake ni hii: kuna folda moja huko mtandaoni. Faili lolote ukilitumbukiza humo, plagini inalichukua. Mstari wa kwanza inaufanya kichwa cha habari, yanayofuata inayafanya habari, inachapisha kwa jina langu, kisha inawatumia ujumbe wasomaji wote.

"Haiulizi kwanza?" nilimwuliza.

"Iulize nini, shemeji? Ndiyo uzuri wake."

Ukiacha sisi wawili, mtu mwingine niliyempa ruhusa ya kuingia kwenye folda hiyo alikuwa mjomba, kwa sababu ndiye aliyekuwa mwandishi wangu wa Mbekenyera. Alikuwa karani wa chama cha ushirika hadi alipostaafu, na lugha ya ofisi ilikuwa haijamtoka. Habari zake zilikuwa hivi: "Ufuta umeshavunwa. Hali ya hewa ni ya mawingu. Wananchi wanaombwa kuendelea kuwa watulivu." Watu wa Dar walimpenda sana.

Sasa nikausoma huo wasifu. Marehemu alizaliwa Mbekenyera. Marehemu alikuwa mtu wa watu, mwenye msimamo, asiyependa makuu. Marehemu alipiga tarumbeta katika bendi ya parokia siku Askofu alipokuja kutoa Kipaimara. Marehemu alianza kusumbuliwa na nukta nukta nukta, na tarehe nukta nukta nukta akafariki dunia katika hospitali ya nukta nukta nukta. Ameacha mjane, watoto na wajukuu.

Nukta niliziona. Lakini mtu aliyefiwa hasomi nukta. Nilidhani mmoja wa watoto wake ameandika kwa simu ya baba yake, na alipofika kwenye ugonjwa machozi yakamzuia kuendelea. Na wala sikuwa peke yangu. Kwenye maoni binamu yetu mmoja wa Dar alikuwa ameandika: "Kumbe alikuwa anaumwa na hakutuambia!"

Nikapiga simu ya mjomba, haipatikani. Mkewe hana simu. Mkuu wa shule akanipa ruhusa kabla sijamaliza kueleza, kwa sababu na yeye ni msomaji. Nikafunga khanga, nikapanda basi dogo hadi Ruangwa, kutoka pale nikachukua bodaboda. Dereva akaniuliza naenda kwa nani Mbekenyera. Nilipomtajia, akasema, "Ah, kwenye msiba. Leo safari zangu zote ni huko."

Nilikuta turubai limeshasimama uani. Wanawake wamekaa kwenye mikeka wanalia, wengine wako kwenye jiko la uani wanachambua mchele, wanaume wako upande wao kimya. Mwenyekiti wa kijiji alinipokea. Akanieleza kwamba jamaa wa Dar walimpigia, naye alipokuja kuhakikisha akakuta nyumba imefungwa, mume hayupo, mke hayupo. Hapo akaona jambo ni kweli: marehemu yuko hospitali na mjane yuko naye. Sikuona kasoro yoyote kwenye maelezo hayo. Nikaenda kwa kina mama, nikalia mpaka sauti ikakauka.

Ukweli ni kwamba mjomba alikuwa shambani anapulizia mikorosho, na simu ameiacha kwa fundi wa kuchaji. Mkewe alikuwa sokoni Ruangwa na mbaazi zake.

Mjomba akatokea nyuma ya nyumba. Pampu iko mgongoni, kitambaa kimefunika pua, na unga wa manjano wa salfa umemganda kuanzia nywele hadi viatu, hata kope. Mwanamke wa kwanza kumwona hakupiga kelele. Alinyanyuka tu na sufuria lake la mchele, akaondoka nalo kuelekea barabarani. Wa pili ndiye aliyepiga kelele. Baada ya hapo mikeka yote ilibaki wazi.

Mjomba yeye hakuangalia watu. Aliangalia turubai. Akaangalia mlango wa nyumba yake. Pampu ikamdondoka.

"Mke wangu!" akasema. "Mke wangu jamani, nimemwacha asubuhi mzima!" Akafungua mlango, akaingia ndani analia kwa sauti, akajifungia.

Dakika hiyo hiyo mkewe akashuka kwenye bodaboda barabarani na kapu lake. Wale waliokimbia ndio waliokutana naye. Wakamkumbatia, wakamwambia mumeo, mama, mumeo. Wakambeba hadi chini ya turubai analia, "Mume wangu, umeniacha na nani!" Na ndani ya nyumba sauti inajibu, "Mke wangu, umeniacha na nani!" Mimi nilikuwa katikati, nimesimama na ndala moja, nasikia huku na huku. Kuna kitu tumboni mwangu kilitaka kucheka, na mimi nikawa nakikataza.

Mwenyekiti ndiye aliyepata akili kabla yetu. Alikwenda akagonga mlango.

"Marehemu," akaita, "hebu toka nje mara moja."

Mjomba akatoka. Akamwona mkewe. Mkewe akamwona. Walitazamana hivyo, mmoja wa manjano, mwingine matope ya machozi. Kisha mke wa mjomba akajifunga khanga upya na kuuliza, "Nani ametumia sukari yangu?"

Ikabidi nieleze. Nilieleza blogu, nikaeleza folda, nikaeleza plagini isiyouliza. Mjomba alisikiliza akiwa ananawa uso kwenye ndoo. Akakiri kwamba kweli wasifu ni wake. Kwenye mazishi ya kaka yake walisoma kwamba marehemu alikuwa mpenzi mkubwa wa mpira, wakati kaka yake alikuwa akiona watu wanacheza mpira anabadilisha njia. Toka siku hiyo aliapa wake ataandika mwenyewe. Akauandika kwenye simu, kisha akautunza pale alipoambiwa vitu havipotei.

"Si wewe uliniambia, mpwa wangu, kwamba kikiingia kwenye folda hakipotei?"

Nilikuwa nimemwambia hivyo.

Wakati huo kulikuwa na mzee mmoja aliyebaki kitini tangu mwanzo. Watu walipokimbia, yeye alivuta tu miguu wasimkanyage. Nilimfahamu kwa sura: alikuwa rafiki wa mjomba wa ujana, alihamia Chiola miaka mingi nyuma, na walikuwa hawasemezani. Hakuna kati yetu aliyejua kwa nini. Sasa akainuka na fimbo yake, akasogea.

"Mimi sikuja kukuzika," akamwambia mjomba. "Nilikuja kuzuia ile sentensi isisomwe."

"Sentensi ipi?"

"Ya tarumbeta. Hukupiga."

"Nilipiga."

"Ulishika. Nilikuwa nyuma yako. Lile tarumbeta lilikuwa halina mdomo wa kupulizia, ulitafuta mdomo wake asubuhi nzima ukaukosa. Ukajaza mashavu tu mbele ya Askofu. Aliyepiga ni mimi."

Mjomba akamtazama, akatazama chini, akasema, "Karibu chakula." Na kwa vile chakula kilikuwa kimeshapikwa cha kutosha ukoo mzima, sote tulikula. Watu walirudi mmoja mmoja, hata yule mama wa sufuria.

Baada ya kula mjomba aliomba simu yangu asome maoni. Alisoma yote, polepole, miwani puani. Mengine aliyasoma kwa sauti. "Sikujua kama huyu wa Songea ananipenda hivi," alisema. Kisha akakunja uso. "Na huyu? Tumesoma darasa moja, ameandika 'pole' tu?"

"Niufute, mjomba?"

"Ufute nini? Una kosa gani, zaidi ya kwamba sijafa?"

Nikaandika maelezo mafupi kwamba mzee yuko hai na anawasalimu. Mdogo wangu na binamu zetu walikuwa wameshapanda basi la kukodi. Wakageuzia njiani, wengine wakilalamika kwamba walishaomba ruhusa kazini na sasa watasemaje.

Nilidhani yameishia hapo. Lakini yule mzee wa Chiola alilala kwa mjomba, na asubuhi walikaa kibarazani kuijadili ile sentensi. Mjomba akakubali kwa shingo upande, akachukua simu yake iliyotoka kwa fundi, akafungua faili, akafuta "alipiga", akaandika "alishika". Faili likibadilika, plagini inaona ni habari mpya. Ikalipandisha juu, ikawatumia ujumbe wasomaji wote. Mimi nilikuwa ndio kwanza nimefika Nachingwea.

"Mwalimu, amefariki tena?" mtu akaniuliza.

Jioni mjomba akaona "alishika" inamdhalilisha, akaongeza: "alishika kwa ustadi". Akafa mara nyingine. Mzee wa Chiola hakukubaliana na ustadi. Wakaweka "alibeba". Akafa. Watu wa Songea waliacha kutuma pole, wakaanza kuchangia: kuna waliosema "alibeba" ni neno la mizigo, wengine wakashauri "alishiriki". Binamu wa Dar aliandika, "Mjomba, tupe muda tupumzike kati ya misiba." Na mjomba, akiwa marehemu, alikuwa anawajibu wote mmoja mmoja.

Nilimpigia shemeji aiambie plagini itulie.

"Inafanya kazi vizuri," alisema. "Tatizo ni kwamba mtu wako anajihariri."

Mwenyekiti wa kijiji naye alimwita mjomba ofisini. Alimwambia kwa heshima kwamba kijiji hakina kifungu kinachomkataza mtu kufa, lakini kila anapokufa wao huku wanapigiwa simu, na shughuli za maendeleo zinasimama. Mjomba aliniambia habari hiyo kwa uchungu. "Nimeambiwa nife kwa utaratibu," alisema.

Ndipo nikaenda tena Mbekenyera, mwisho wa juma, kumtolea lile faili kwenye folda na kulihifadhi ndani ya simu yake mwenyewe. Wazee wawili walikuwa kibarazani bado. Wa Chiola alikuwa amekwenda kwake kuangalia mbuzi, akarudi. Walikuwa wamekubaliana. Sentensi ilisema: "Marehemu alikuwepo katika bendi ya parokia siku Askofu alipokuja." Wote wawili walionekana kuchoka lakini wameridhika, kama watu waliomaliza kupalilia.

Mke wa mjomba alikuwa pembeni anapepeta choroko. Hajasoma sana, na Kiswahili chake kinachanganyika na Kimwera pale anapokasirika. Katika habari yote hii hakuna aliyemsomea ule wasifu.

"Hebu nisomee na mimi," aliniambia.

Nikamsomea, mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza akiendelea kupepeta. Nilipofika "ameacha mjane", ungo ukasimama.

"Basi?"

"Basi, mama. Inafuata watoto na wajukuu."

Akamgeukia mumewe. "Tarumbeta mmeliongea wiki nzima. Mimi ndiyo nimeachwa tu?"

Mjomba akainamisha kichwa kwenye simu yake. Rafiki yake akaikumbuka ghafla safari ya chooni. Mimi nikajifanya natafuta mtandao.

Baada ya muda niliona faili jipya la mjomba kwenye folda. Nilikuwa nimeshamwomba shemeji abadilishe ile plagini, isichapishe kitu mpaka mimi nikubali, kwa hiyo nililisoma peke yangu kwanza. Halikuwa na neno marehemu. Lilieleza jinsi alivyotumwa na ushirika kwenda Marambo kupima korosho, akamwona msichana amekaa juu ya gunia lake anakataa lisipimwe mpaka mizani isawazishwe. Aliisawazisha. Msichana akasema bado. Akaisawazisha tena. Mjomba aliandika kwamba tangu siku ile hajawahi kuamini mizani yoyote ambayo mke wake hajaiangalia. Alieleza mtoto waliyempoteza, ambaye hata mimi nilikuwa sijawahi kusikia habari zake, na jinsi mkewe alivyolima peke yake msimu ule kwa sababu yeye alishindwa kutoka ndani. Hakukuwa na wananchi, wala utulivu. Sikujua kama mjomba anaweza kuandika hivyo, na nadhani na yeye alikuwa hajui.

Nilimpigia, nikamwambia nataka idhini ya mwenye habari. Akampa mkewe simu. Nikamsomea yote.

"Mama? Niweke?"

"Weka," alisema. "Ila lile gunia halikuwa langu. Lilikuwa la dada yangu. Mimi nilikuwa nimelikalia tu."

Nikabadilisha hapo, kisha nikakubali.