Pale Shosho Alipopepetea Maharagwe

Juzi nilipanda kufagia paa la jengo ninalosafisha karibu na Westlands. Upepo ukaninyang'anya vumbi kabla sijalizoa, nikasimama na ufagio mkononi. Rafiki yangu, upepo huo naujua. Uliwahi kuwa wetu.

Upande wa bondeni, panapoegeshwa magari sasa, palikuwa na nyumba zetu za mabati, zikitazamana na miti ya Spring Valley. Baada ya mama kumfuata baba kaburini, mimi na mdogo wangu wa kike tulibaki na shosho, nyanya yetu. Niliacha shule darasa la saba nikaenda kufulia watu nguo, kwa sababu nilimwahidi mama kwamba huyu mdogo atamaliza. Lakini moshi wa koroboi ulimbana kifua. Akisoma kurasa mbili, anakohoa hadi anafunga kitabu, na mtihani wa darasa la nane ulikuwa mwaka uliofuata.

Stima ya umeme haikuwa imetufikia. Ndipo jirani, fundi wa kuchomelea vyuma, akasema tujitengenezee ya upepo. Mapanga ya kuzungushwa na upepo aliyachonga kwa bomba la plastiki, mota akaitoa kwenye mashine kuukuu, betri ikawa ya gari. Kila nyumba ilitoa kitu. Sisi tulitoa waya wa mama wa kuanikia nguo, ukashikilia mlingoti.

Ulisimikwa kando ya kanisa, maana kwetu kitu cha wote huwekwa kanisani. Tuliomba, tukaimba, tukala chapati za kina mama. Mapanga hayakutikisika. Siku ya tatu shosho alikuja na uteo wake wa kupepetea kwapani.

"Hapa chini makapi huniangukia kwa viatu," akasema. "Mimi hupepetea kule juu."

"Shosho, kule ni kwa choo," fundi akamwambia. "Tutaitwa watu wa stima ya choo."

"Na mnaendanga huko kila asubuhi, hamjawahi kusikia baridi?"

Tulicheka, kisha tukauhamisha. Jioni hiyo mapanga yalivuma kama nyuki. Betri na taa yake viliwekwa kwetu, nyumba iliyokuwa karibu na choo, na watoto wa jirani wakawa wanakuja kusoma sakafuni huku nikipiga pasi sare zao. Chumba kilinuka githeri ya mahindi na maharagwe, na sabuni. Mdogo wangu alisoma kitabu kizima bila kukohoa.

Kisha jengo hili likaanza kujengwa, upande upepo ulikotokea. Lilipofika ghorofa ya tatu, taa ilififia. Fundi akaongeza bomba kwenye mlingoti, jengo likaongeza ghorofa. Asubuhi moja shosho alipanda kule kwa choo na uteo wake, akarusha maharagwe mara moja tu. Makapi yakamwangukia viatuni. Alirudi ndani akatafuta koroboi.

Mdogo wangu aliufanya mtihani akikohoa. Siku hizi anasuka nywele Kenyatta Market. Nikimtajia masomo ya watu wazima hucheka tu, lakini vitabu vyake bado ninavyo, na bado namtajia.

Mlingoti ulienda skrapu, nyumba zikabomolewa, shosho tukamzika. Hata choo sikioni nikichungulia kutoka huku juu.

Kabla ya kushuka nilichota konzi ya vumbi nikaiachia. Ilienda mbali sana. Haikugusa viatu vyangu.