Ukuta wa Maji ya Usiku Mmoja

Ilianza Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri, jikoni kwa Bibi huku Chome. Nilikuwa nachambua maharage. Usingizi ukanipitia, nikazinduka nikisikia sauti yangu mwenyewe ikisoma, "Potasiamu, sodiamu, kalsiamu..."

"Unaita watu gani hao, mke mwenzangu?" Bibi akauliza. "Waambie wapite, chakula kipo."

Nilicheka, kisha nikalia. Mimi si msemaji, hata darasani najibu nikitajwa jina. Lakini nilimwambia yote. Kwamba niko kidato cha nne na mtihani wa taifa umekaribia. Kwamba shuleni kwetu, Same mjini, majina ya mtihani wa majaribio yalisomwa mstarini kuanzia wa mwisho, na langu likasomwa mapema. Tangu hapo nakesha nimetumbukiza miguu kwenye beseni la maji baridi nisisinzie. Nikishika karatasi ya maswali natapika, na niliyoyasoma yote yanafutika. Baba huwaambia wateja dukani kwake, "Huyu ndiye daktari wetu." Jumatatu anataka niingie kambi ya masomo, usiku na mchana mpaka mtihani. Yeye sijamwambia lolote.

Bibi hakunipa pole. Alisogeza kuni, akaanza kusema. Naandika alivyosema, nisije nikasahau.

"Nakumbuka mwaka mmoja, mwanangu, ukame ulitukamata, na shamba letu lilikuwa la mwisho kabisa huko chini. Ndiva unaijua, bwawa letu la udongo: usiku linakusanya maji ya kijito, asubuhi linafunguliwa, mwenye zamu anamwagilia. Sasa zamu yetu ikifika, maji yanaishia njiani. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mchapakazi, na mchapakazi akikosea hukosea kwa nguvu zake zote. Akamwomba jirani amwachie zamu, ndiva isifunguliwe siku hiyo, maji yalale mara mbili. Tukapandisha ukingo kwa udongo na magogo ya migomba, mimi naukanyaga kwa miguu. Mzee aliyesimamia maji akapita, akamwambia, 'Ndugu yangu, huu ukuta ulijengwa kwa maji ya usiku mmoja.' Baba akamjibu, 'Wanangu watakula ukuta?'

"Alfajiri ukapasuka. Maji yakashuka na mahindi ya watu, na yetu pia. Ukapigwa msaragambo, ile kazi ya wote, kijiji kizima kinabeba mawe, hakuna anayetuangalia usoni. Baba akawa anautukana ukuta, mara dhaifu, mara ulijengwa kizembe. Yule mzee akaweka jiwe lake chini. 'Usiutukane,' akasema. 'Ulikuwa unavuja tangu jioni, nawe ukawa unaziba.' Neno hilo baba alizeeka nalo.

"Basi sikiliza, mwanangu. Kusoma soma, sikukatazi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ila kuinama si kuvunjika mgongo. Kichwa kinajaa, kinafunguliwa, kinajaa tena. Huko kutapika ndiko kuvuja, usikuzibe na beseni. Na baba yako hawezi kuona asichoonyeshwa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwambie wewe, kwa mdomo wako. Nikimwambia mimi atasema mama ameshazeeka, anamdekeza mjukuu. Mungu akupe usingizi kwanza. Hizo alama yeye anajua pa kuziweka. Likisomwa mwanzo, likisomwa mwisho, jina lako hapa kwangu litaitwa vilevile."

Jumapili asubuhi nilimpigia Baba kabla hajaenda kanisani. Nikamwamkia, akaitikia, halafu nikanyamaza mpaka akadhani mtandao umekatika.

"Halo? Halo?"

Nikamwambia silali, natapika, na kambi siendi. Nikasema na la udaktari, kwamba sijui kama ni langu au ni lake. Nikasikia honi ya basi huko mjini barabarani.

"Mama yako anajua?"

"Hapana, Baba."

"Hata mimi sikujua," akasema, taratibu. "Kaa hukohuko. Nakuja, na sio kukupeleka kambini."

Nikakata simu, nikapanda kitandani kwa Bibi na nguo zangu za kanisani, nikalala.